Sanduku la Manjano

Nilifika alfajiri,
Mokowe, hakuna gari,
kambi imelala shwari,
ukungu bado njiani.

Bawabu wa kambi yetu,
Hiribae, hana kitu
cha kukalia kwa utu,
amekaa sandukuni.

Sanduku langu, manjano,
la kufuli, la mkono;
pangaboi la mfano
limechorwa ubavuni.

Kikombe chake chafuka,
aniona, anicheka:
"Mbona, fundi, washtuka?
Kwani kuna nini ndani?"

Sikupiga ukelele.
Nikasema, "Njoo mbele,
hatua kumi, si tele,
nikueleze kwa nini.

"Si jini, wala si mali;
wapishi wapiga fali
jikoni, waseme hili
na lile; halina dini.

"Ndani mna mbegu ndogo,
haifiki hata gego,
yatoa, haina zogo,
miale hata gizani.

"Hainuki, haivumi,
haiwashi, haiumi,
haionjwi kwa ulimi,
hupenya hadi mwilini.

"Twaipima barabara,
udongo kama imara,
lori lisije kuchora
mifereji matopeni."

Hiribae akasita.
Jasho jembamba lapita.
"Nimekaa tangu sita
hadi sasa, masikini!

"Mke wangu ana mimba.
Je, nisiingie nyumba?
Hizi nguo, nitachimba
nizifukie shimoni?"

Nikatoa kipimio,
kikaanza na mlio,
tiki-tiki, mbio mbio,
sandukuni; kwake, chini.

"Sikiza: mwanga wa taa
nguoni hautakaa,
nawe huko hutang'aa
ukirudi kitandani.

"Mpe mkeo salamu,
mlale; hubebi sumu;
hata nguo ni timamu,
usizifukie chini.

"Mbegu haikupasuka,
kufuli limefungika;
vumbi lake kumwagika
ndiyo hatari, amini.

"Huko Witu, siku moja,
mashine ikiningoja,
greda kinyume ikaja,
ikapita shubirini.

"Nikafukuza wenzangu,
nikatia kamba yangu,
nikapima — ewe Mungu! —
mbegu imo mle ndani.

"Tangu hapo nimejua:
kudharau kunaua,
na woga huichukua
akili yote kichwani.

"Lakini fungu la mwaka
nusu limeshakutoka,
usiku mmoja, kaka,
kwa kukosa kiti duni.

"Usikawie karibu.
Umbali ndio tabibu:
uuzidishe, hesabu:
mara mbili, robo ndani.

"Risasi ni shuka zito
tulomvika mtoto,
asichomoke na moto
kutoka mwake chumbani."

Akanyoosha kidole
kwenye shati langu kule:
"Hirizi ya watu wale
wa Nairobi mjini?"

Nikacheka. Mama yangu
adhani kinga ya Mungu
imo kifuani mwangu
nisilogwe safarini.

Si kinga. Haizuii
hata mwale. Haijui
kuomba. Haisinzii.
Ni karani wa makini.

Kila miezi mitatu
naitoa, nao watu
hunitumia namba tu
ya nilichokula ndani.

Ikizidi, nasimama,
kazi hiyo naihama;
sina aibu, si homa,
ni sheria ya kazini.

Jioni nilinunua
kiti; bei waijua.
Sanduku nikalitua
kontenani, kifungoni.

Naye akapanga mawe
duara, lisisogewe
na mbuzi wala na mwewe,
akaandika ilani

kwa chaki, mwandiko wake:
"Asiyejua, acheke;
ajuaye, aepuke
hatua kumi, jamani."

Bahasha iingiapo,
wa kwanza ni yeye, yupo,
huuliza papo hapo,
"Kasema nini karani?"

"Kidogo," nami hujibu.
"Karani ana hesabu,
na mimi nina adabu
ya kutoketi motoni."