Hesabu ya Chumvi

Nchi yetu haina pwani, nami nimeinunua kwa ndoo:
kilo kumi na nusu za chumvi,
lita mia tatu za maji ya bomba, yaliyochujwa mara tatu,
ghorofa ya nne, mjini Szeged, mbali kidogo na redieta.
Wiki ya sita sasa
bahari yangu inanguruma na haina mtu.
Jirani yetu Lehel huja na kikombe chake cha kahawa,
hutazama mawe, huuliza:
"Umewaficha wapi?"

Nimeandika majina nyuma ya bili ya umeme.
Wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe.
Kangaja wa manjano, mmoja
(basi wawili, asikae mpweke).
Bunju, kwa sababu ya macho yake
ya mtu aliyesahau kitu sokoni.
Wale wadogo wa buluu, saba,
maana ukinunua sita, wa saba ni bure.
Nikajumlisha: kumi na wawili.
Nikapiga mstari chini yake mara mbili
kama mtu aliyemaliza kazi.

Piroska hakuvua hata miwani.
"Toa mawe," akasema. "Toa mchanga."
Nikatoa. Lita mia mbili na thelathini.
"Sasa toa ulafi."
Hicho sikuwa na kipimo chake.

Szilárd wa dukani ana kanuni:
sentimita hizi kwa lita hizi.
Ananipimia samaki kama kitambaa,
lakini kitambaa hakinyi.
Kila mdomo una upande wake wa pili,
na kinachotoka huko hakionekani;
maji hubaki maangavu kama uongo wa mtu mpole
mpaka asubuhi moja.

Asubuhi moja, alisema Piroska
(tulikuwa tunamenya viazi;
miaka arobaini na sita ya ndoa, sijawahi kuisikia),
utotoni kwao, familia mbili katika nyumba moja,
jiko limegawanywa kwa chaki,
beseni la kuogea moja.
Kabla ya Krismasi baba yake alileta samaki wa mtoni,
mzima, mnene kama mto wa kulalia, akamwachia humo.
Kina Bodnár nao wakaleta wao. Haki ni haki.
Siku tatu hakuna aliyeoga.
Watoto wakawapa majina, wakawatupia mkate.
Siku ya nne wote wawili wakaja juu, midomo wazi,
wakinywa hewa ya chumba
kama wageni wanaotafuta namna ya kuaga.
Alfajiri mmoja alikuwa amelala ubavu,
na hapakuwa na aliyeweza kuapa ni wa nani.
Mama yake na Bi Bodnár hawakusemezana
hadi barafu ya Tisza ilipoyeyuka.
Mstari wa chaki ukapigwa upya, kwa rangi ya mafuta.

"Beseni lilitosha," akasema, akachukua kiazi kingine.
"Samaki wawili. Kasoro mmoja."

Nikairudia bili.
Bunju alikwenda wa kwanza, na macho yake.
Kangaja anataka kukimbia,
na kioo changu ni hatua moja na nusu.
Wale saba, Szilárd mwenyewe alikiri nilipombana,
hugawana mawe kwa chaki yao
na mnyonge hukosa jiko.

Jumamosi nilipanda ngazi na mifuko miwili kifuani, ndani ya koti:
wale wa machungwa,
na mchimba mchanga mmoja, rangi ya mchanga,
ambaye sikumwandika popote.
Lehel alihesabu kwa kidole.
"Bahari nzima, hawa tu?"

Mchimba mchanga alijificha saa hiyo hiyo.
Siku ya nane leo. Kila jioni nahesabu wawili,
na kila jioni Piroska, macho kwenye ufumaji wake,
anasema, "Watatu. Mwache."

Bili imelipwa.
Nyuma yake namba saba bado inasomeka.
Niliifuta vibaya, makusudi.