Ramani ya Ua

Fundi Shaame kaja na futi, na kamba ya manjano,
na saa ya mkononi isiyokwenda.
"Bi Tumu, ua huu tuupangeje?"
Kaa kwanza, nikamwambia, ulitazame jua.

Saa nne liko juu ya choo.
Saa saba hakuna kivuli hata cha kuku.
Saa kumi linaingia mlangoni kama mdai,
linakaa kitako mpaka magharibi.
Basi baraza liwe mgongoni mwa nyumba,
upana wa mtu kulala ubavu,
si yale membamba ya Wete
mgeni akakaa kama anayengoja kuitwa jina.

Ardhi ya Micheweni haina kina.
Ukiipiga jembe, inakujibu.
Udongo ni wa kuokota, kiganja hapa, kiganja pale,
kwenye vishimo vya mawe.
Mwanangu Rukia, aliyeolewa Chake, anataka ukoka.
Kauona kwa mtu. Laini, anasema, chini ya mguu.
Mwanangu, huo ukoka utaunywesha nini?
Mfereji hutoka Jumanne,
tena si kila Jumanne.

Tutamwaga kokoto.

Nikilitamka neno hilo, mkono wa kulia
unajikunja wenyewe.
Miaka kumi na tisa nimevunja kokoto kando ya njia ya Kiuyu,
kipande cha mpira kimezungushwa kulishika jiwe,
nyundo, jiwe, nyundo, jicho moja nimelifumba
kwa kuogopa chembe.
Ndoo kwa ndoo zimepanda gari,
zimekwenda kulala chini ya skuli, chini ya misikiti,
chini ya ghorofa za watu nisiowajua.
Hata hospitali, siku ile ya goti,
niliitazama sakafu nikajiuliza: hii si yangu?
Na uani kwangu mavumbi, mpaka ndani ya sufuria.

Andika, fundi.
(Hakuandika. Alichora chini kwa kijiti;
kuku akapita juu ya jiko.)

Njia ya chooni iwe ya mawe bapa,
kwa hatua zangu, si zako.
Pembeni chokaa, usiku nione bila tochi.
Sakafu ilale, vidole viwili kwa kila pima,
masika maji yasikimbilie nyufani yakapotea,
yashuke birikani.
Birika liwe na kifuniko. Nina wajukuu.
Ukuta wa mawe matupu, upepo upite matunduni,
na usizidi kifua:
nataka nimuone Mize akianika, nimuulize kaamkaje.
Ukuta mrefu hufungia joto ndani na habari nje.

Akataja bei. Nikacheka.
Naye akacheka, akapunguza.
Kokoto ni zangu, nikasema.
Akaitazama mikono yangu, akapunguza tena.

Halafu akafika kwenye jabali,
katikati ya ua, kubwa kama ng'ombe aliyelala.
"Hili tuliwashie moto wa magogo usiku kucha,
asubuhi litapasuka. Hapana pungufu ya ndoo mia mbili."

Mia mbili.
Nilishazipigia hesabu kabla sijataka.
Nikaweka kiganja juu yake:
limelishika jua lote la mchana, bado halijaliachia.
Kombo, Mungu amrehemu, alilitukana kila alfajiri
akijikwaa akienda kutawadha,
kisha akalikalia kuvaa viatu.

"Liache," nikasema. "Pindisha njia."
"Kwa nini?"
Sikuwa na jibu la kifundi.
Akaifuta ramani kwa unyayo, akachora upya,
na njia ikazunguka kama mtu anayempisha mkubwa.

Jioni Rukia kapiga simu.
"Kokoto tu, mama? Ua mzima?"
Kokoto tu.
Lakini nimeanza kuzivunja mwenyewe, ndogo ndogo,
kama kunde, zisichome nyayo za watoto.
Sijawahi kuvunja polepole hivi.
Za kuuza huvunjwa haraka.