Zamu ya Usiku, Webuye

Baba alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri,
viatu vya ngozi ngumu, tochi ikiyumba mteremkoni
pamoja na tochi za wenzake.
Mimi naingia kazini saa mbili usiku bila kutoka:
shati juu, bukta chini,
taa moja usoni ili nifike Vankuva
nikiwa na nuru ya mtu aliyelala vizuri.

Bosi wangu ni duara dogo pembeni mwa kioo.
Likiwa la kijani, yupo. Likiwa la kijivu, napumua.
Miaka mitatu sijaiona miguu yake.

Mama Nabwile huniuliza juu ya ua,
"Kijana, hata wiki hii hawajakuita?"
Nilimweleza mara mbili. Mara ya tatu nikasema,
bado, mama, tuzidi kuomba.
Akaniletea ndizi za kupika, mkungu mzima.
Mshahara ulikuwa umeingia asubuhi ile ile.

Kabla ya hapo mimi na Sitati tulikuwa na kampuni:
meza moja nyuma ya duka la mbolea,
na programu ya kumwambia mkulima uzito wa miwa yake
kabla mizani ya kiwanda haijasema lake.
Tulishinda shindano. Tukapewa hundi ya kadibodi
pana kama mlango.
Watu mia mbili na kumi na wanne waliipakua,
tisa wakaifungua mara ya pili,
na mmoja wao ni mama yake Sitati.
Siku hizi Sitati anakodisha mahema na viti kule Kimilili.
Jina la tovuti bado tunalilipia kila Machi, nusu kwa nusu,
kama ndugu wanaofyeka kaburi.

Saa tisa usiku duara hugeuka kijivu
na mimi sizimi mashine. Nacheza.
Ule mchezo wa viwanda: unatua kwenye sayari tupu,
unachimba, unatandaza mikanda,
unaunganisha mtambo na mtambo mpaka kitu kitoke.
Yangu ilikuwa imekwama siku ya nne.
Mikanda imeshiba, mbele hakuna kitu,
na dudu limejificha nisikojua.

Sikumsikia akiingia.
Usingizi wake bado hufuata king'ora
kilichonyamaza nikiwa darasa la sita.
Alisimama nyuma yangu na kikombe, akatazama, akatazama.
"Unalisha haraka kuliko unavyokausha."

"Nini?"

"Pale. Rojo inarudi nyuma. Weka tangi la kusubiria."

Nikaweka. Mkanda ukatetemeka, ukaenda.

Akavuta stuli.
Mkono ulioachia rola ncha ya kidole
ukashika kipanya kama unavyoshika kifaranga.
Akabomoa nusu ya kazi yangu bila kuniomba radhi:
huku magogo, huku visu, hapa dawa ya kuchemshia,
"na hapa usiweke kitu. Hapa Khaemba alikuwa anakulia chakula."
Nikapaacha wazi.
Mchezo ukawa unawaka alama nyekundu, nafasi haijatumika,
nafasi haijatumika.

Sasa ana jina lake la kuingilia, na nywila
iliyoandikwa nyuma ya kalenda: namba yake ya kazi ya zamani.
Mchana nikilala namsikia akibofya, akiguna,
akimlaumu mtu wa zamu iliyopita,
ambaye ni mimi.

Jana stima ilipotea saa saba, mkutano ukiwa katikati.
Vankuva yote ikafyonzwa ndani ya kioo cheusi.
Kupitia ukutani akauliza,
"Ulihifadhi?"

Sikujua anauliza msimbo au kiwanda.
"Iko salama," nikasema.

Akanyamaza kidogo, kama anayengoja kitu kilie huko nje.
Mvua tu, kwenye mabati.
"Basi lala. Asubuhi ni zamu yangu.
Na yale matangi, usiyaguse."