Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Saa mbili na robo asubuhi, stesheni kuu ya Praha.
Baba kavaa koti lake la mazishi
kwa sababu ndilo lenye mfuko wa ndani
unaotosha miwani, vidonge na barua ya daktari.
Nusu lita moja, imeandikwa. Si zaidi.
Ameikunja mara nne, kama mtu akunjavyo deni.

Treni inapita Beroun, inapita Rokycany.
Shayiri imekwisha vunwa, mashamba yamebaki mabua,
kidevu kilichosahau wembe.
Mbele yetu bibi mmoja anamenya yai,
chumvi kaifunga kwenye karatasi ya peremende.
Baba anahesabu madaraja kwa midomo.
Miaka kumi na tisa hajaja huku,
na ni mwendo wa saa moja na nusu tu.
Sijamuuliza kwa nini.
Ulimi hauna mfupa, lakini wangu leo unao.

Pilsen hutangulia harufu kabla ya sura:
kimea kikichemka, kitamu, kizito,
mkate ulioachwa nje usiku wa mvua.
Baba anasimama katikati ya barabara.
Tramu inampigia kengele.
"Bado," anasema. "Bado wanapika."
Kana kwamba siku aliyovua aproni
alitazamia wangezima moto.

Nyuma ya kanisa kuu kuna uzio wa chuma
wenye malaika kadhaa, na mmoja wao kichwa kinang'aa
kwa mikono ya wenye haja.
Wanafunzi wamepanga foleni: mitihani, wachumba.
Baba anamgusa upesi, kama anayejaribu pasi.
"Umeomba nini?"
"Kiti."

Kisha tunashuka.
Huko chini ni baridi ya kufanya meno yazungumze,
kuta zinatoka jasho, taa ni za njano na chache.
Msichana anayetuongoza anaitwa Vendula,
amejifunga skafu ya sufu katikati ya Septemba,
anatusimulia jinsi wenyeji wa zamani
walivyomwaga mapipa thelathini na sita hadharani
kwa kuwa bia ile haikufaa hata kuoshea kwato.
Wageni wanacheka. Baba hacheki.
"Kosa la mpishi," ananong'ona. "Pipa halina hatia."

Halafu anaanza kugonga.
La kwanza, la pili, la kumi na moja,
kwa kifundo cha kidole, sikio limelala juu ya mwaloni,
mkono wa pili ukipapasa chini ya pete ya chuma:
mikato mitatu na nukta,
alama aliyoiweka alipokuwa na nywele,
alipokuwa na mama.
Vendula ananitazama. Nainua mabega.
Kundi linasogea, taa zinazimika nyuma yetu moja moja,
na bado gizani: ko. Ko. Ko.

Hakuipata.

Tulipewa bia moja kwa moja kutoka pipani,
haijachujwa, ina ukungu wa asubuhi.
Baba aliishika bilauri kwa mikono miwili,
akasubiri povu lishuke upana wa kidole,
akanywa nusu, iliyobaki akanisukumia.
"Pipa zuri," akasema, "halimkumbuki fundi.
Linalokumbuka, huvuja."
Sikujua kama alikuwa akinifariji
au akijifariji,
au kama tulikuwa bado tunazungumza habari za mapipa.
Nikanywa. Chungu ilikuja mwisho, ikakaa.

Rokycany. Beroun. Nje hakuna kitu ila vioo na sisi.
Kiti alichoomba alikipata, cha dirishani,
akalala mdomo wazi, koti la mazishi limefunguka.
Kwenye kifundo chake cha kidole
palikuwa na doa la lami, jeusi, dogo kama kunguni.
Nikaitoa barua ya daktari mfukoni mwake,
nikailowesha ncha kwa mate,
nikasugua taratibu nisimwamshe.

Halikutoka.
Nikaikunja barua mara nne, kama alivyoikunja,
nikairudisha.