Nusu Mita

Tulikuwa na yuro mia nne na kumi,
na ukuta mmoja, kati ya dirisha na jokofu.
Baba alitaka runinga. Mimi nilitaka kioo cha kompyuta.
Chumba hakikutaka chochote.

Runinga ya zamani ilikufa Jumanne,
ikatoa mlio kama wa kibiriti, basi,
tukabaki na mgongo wake mnene.
Tuliishusha orofa nne, mimi na jirani Veikko,
Baba nyuma yetu na fimbo yake, akihesabu vidato.

Mwezi mzima nilipiga hesabu nyuma ya risiti:
mezani, jicho langu liko sentimita sabini;
kwenye kochi, lake liko mita tatu.
Kioo kidogo, kwake ni stempu ya barua.
Kioo kikubwa, mimi nageuza shingo
kama mtu anayetazama treni ikipita.
Kipo chenye rangi za kumtoa nyoka pangoni,
ila ukibonya leo, risasi inatoka kesho.
Kipo chepesi kama swala,
ila kitazame kwa upande, watu wote wanageuka majivu,
na kochi letu liko upande.

Dukani, mjini Lahti, theluji ya Februari ikiyeyuka viatuni,
vioo ishirini na sita vilionyesha
samaki yuleyule wa rangi ya chungwa.
Muuzaji, Miska, kijana wa kola iliyonyooka,
akanitajia pikseli, hetsi, milisekunde;
nikaitikia kwa kichwa kama anayejua nasaba zao.
Baba alikwisha wachoka samaki.
"Weka watu wanaoruka," akasema.

Niseme jambo moja juu yake, naye hapendi kusemwa:
majira thelathini na moja ya baridi
alisimama kando ya mteremko, chini ya mnara wa kurukia,
kazi yake kutazama ski zinapogusa theluji
na kuinua mkono: hapa.
Bila kamera. Bila mashine.
Kwa jicho, hadi nusu mita.

Miska akatafuta, akaweka.
Kijana wa kofia nyekundu akaachia boriti,
akaiegemea hewa.
Baba akapita kioo hadi kioo
kama daktari wa wodi.
"Huyu anaburuta mkia."
"Huyu ametua mara mbili."
"Huyu miguu imeyeyuka kabla ya kufika chini."
(Bei ya huyo ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili.)
Kwenye cha kumi na tisa, konani, rafu ya chini,
chenye mkwaruzo pembeni mwa fremu,
akasimama. Akataka kirudiwe.
Akainua mkono:
"Hapa. Mia na kumi na nane na nusu."

Namba ya majaji ikatokea chini ya picha.
Sitaiandika. Ataisoma, atavimba kichwa.

Nikageuza kibandiko: inchi thelathini na mbili, milisekunde tano,
na punguzo la mkwaruzo.
Nikacheka peke yangu katikati ya duka.
Mkia anaouchukia yeye
ndio unaoniua mimi kila usiku, kwenye daraja la tatu la mchezo.

Hakitoshi, bado. Amesogeza kochi mita moja mbele,
sasa mlango wa jokofu hufunguka nusu,
na maziwa tunayatoa kwa ubavu.
Habari za saa mbili na nusu ni zake.
Wikendi mchana ni za wanaoruka.
Kisha nachomoa waya, nachomeka mwingine,
naye anajifunika blanketi, anatazama ukuta.

Jana usiku nilikuwa nakimbizwa juu ya mapaa
ya mji usiokuwepo.
Nikaruka. Nikaanguka uchochoroni, nikafa.
Nilidhani Baba amelala.
Sauti ikatoka chini ya blanketi:
"Kumi na nne.
Ulichelewa kuondoka."