Gramu Nne

Usiku, Cheyo, nimefungua kumbukumbu za mfumo,
zile zinazoandika nani kaingiza nini na saa ngapi,
nikahesabu mistari kama karani wa ghala:
Msabila, elfu nne mia moja na kumi na miwili.
Shija, mia tatu.
Kalunde, hasi mia sita,
maana alifuta kuliko alivyoandika.
Nyamizi, sifuri.

Fomu ya chuo ina visanduku vinne.
Inataka alama nne Jumatatu, saa mbili asubuhi.
Haina kisanduku cha "ngoja kwanza".

Kazi yenyewe ni ya kupima asali:
mrina anafika na ndoo, ndoo inapanda mizani,
namba inaingia, ujumbe unalia kwenye simu yake
kabla hajajifuta nta mikononi.
Juzi waliionyesha ukumbini, ikakubali.
Meneja wa ushirika akapiga makofi peke yake, muda mrefu.
Alimpigia nani?

Kompyuta ni ya Msabila.
Moja, kwa watu wanne, chaja imefungwa plasta ya kidonda.
Wote waliandikia humo, kwa zamu,
na kila aliyegusa kitufe akasajiliwa Msabila.
Mashine haijui vidole.
Inajua jina lililoingia asubuhi.

Kalunde nimesoma alichofuta:
njia saba za kuzunguka nyumba ili ufike mlangoni.
Akaacha mlango.
Palizi haijazwi guniani,
lakini muulize mkulima wa tumbaku.

Na Nyamizi wa sifuri
alipanda basi la Sikonge mara tatu,
akarudi na daftari linalonata, limeandikwa:
"Hawapimi kwa kilo. Wanapima kwa debe,
na debe la akina Ntundu limebonyea."
Kwa sentensi hizo wiki tatu za kazi zikabomolewa,
na mfumo ukapona.
Niziandike wapi?

Niliwapa karatasi, wapimane wenyewe, kwa siri.
Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na tano.
Walipatana kantini, najua, juu ya chai na mihogo.
Ila Shija. Yeye alijipa kumi,
akakata, akaandika tena kumi,
kalamu ikatoboa karatasi.

Fuata nyuki ule asali, walisema.
Hawakusema nyuki yupi.

Jirani yangu anafundisha Kiswahili. Kwake mizani ni silabi:
mstari ukipungukiwa na moja unachechemea,
na mtoto wa darasa la tano anausikia.
Namwonea wivu.

Niseme na langu.
Mwaka wa tatu tulikuwa watano, mfumo wa maktaba.
Mimi nilikuwa na mchumba Nzega, na sababu nyingi.
Siku ya kuuonyesha nilishika kipaza sauti,
kwa kuwa nina sauti.
Tukapewa A, wote,
na A ile ndiyo iliyonipa kazi hii ya kupima.
Aliyekesha aliitwa Mlekwa.
Namba yake ninayo. Sijawahi kumpigia.

Kesho nitawaita mmoja mmoja.
Nitafuta mstari mbele ya macho yake, nimwulize:
sasa kitavunjika nini?
Mrina gani atapunjwa, kwa kilo ngapi?
Nyamizi atajibu kabla sijaondoa kidole, nadhani.
Msabila atanirekebisha, kwa adabu.
Shija sijui. Labda nitamwuliza tu
ile kumi ilikuwa ya nini.

Treni ya Kigoma imepiga honi, imechelewa tena.
Mezani pana kopo walilonizawadia,
asali nyeusi ya miombo, lebo wameichapa kwa mfumo wao:
gramu mia tano.
Nimelipandisha kwenye mizani ya jikoni.
Mia nne tisini na sita.

Nimekaa na kalamu,
natafuta wa kumkata zile nne.