Usiku wa Nne

Nimezungusha ufunguo, ikajibu tik.
Mara ya pili, tik.
Mara ya tatu hata tik haikuja.
Juni, Lubumbashi, saa kumi na moja alfajiri,
baridi imelala juu ya turubai kama mwenye kudai kodi,
na kile kilima cheusi cha makapi ya shaba
bado hakijapambanuka na mbingu.

Betri hizi nilizinunua Tunduma, mbili, mpya, mwezi wa tatu.
Risiti ninayo. Nimeikunja ndani ya leseni
kama mtu atunzaye cheti cha ndoa
ili siku ya ugomvi apate cha kuonyesha.

Lusekelo, utingo wangu, akaenda kutafuta fundi wa umeme,
akarudi na mwanamke wa ovaroli ya bluu,
mita shingoni, kikombe cha chai mkononi.
Jina? "Mujinga."
Nikacheka. Mungu anisamehe, na baridi ile yote, nikacheka.
Hakukasirika. Amekwisha kusikia wangapi wa kwetu wakicheka.
"Huku ni mutoto anazaliwa na kitovu shingoni,"
akasema, spana namba kumi na tatu ikiuma nati,
"nilikuja na waya tayari."

Alisugua vichwa vya betri kwa msasa,
unga wa kijani ukamwagika vumbini.
Akapima ya kwanza: kumi na moja nukta tisa.
Ya pili: kumi nukta nane.
"Hizi ni mapacha, zinakula sahani moja.
Mumoja akikonda, mwenzake hanenepe."
Nikamwonyesha risiti. Hakuitazama.
"Betri haina kosa. Kuko mutu anaikunywa usiku."

Akavua waya wa hasi,
akaiweka mita katikati ya waya na betri,
pale mlangoni ambapo kila kitokacho lazima kipite.
Ufunguo mfukoni mwangu. Redio kimya. Milango imefungwa.
Gari limelala,
na mita inasoma sifuri nukta tisa.

Akaanza kung'oa fyuzi, moja moja.
Redio: tisa.
Friji: tisa.
Kile kidude cha bosi, kinachomwambia kila saa nimesimama wapi:
namba ikapepesa, ikarudi palepale.
Nilitamani kiwe kile. Nilitamani sana.

Fyuzi ya kumi na nne, namba ikaanguka.

Akairudisha. Tukaufuata waya kwa magoti, chini ya chasisi,
umefungwa kwa tepu yangu, mkono wangu, mwaka jana,
hadi kwenye sanduku la zana nyuma ya kabini.
Nikafungua kufuli.

Taa.
Ile niliyoifunga mwenyewe nisipapase spana gizani.
Swichi ya mfuniko imekwama kwa vumbi jekundu,
nayo imewaka, ya njano, imechoka,
ndani ya sanduku lililofungwa,
juu ya jeki, juu ya kamba,
juu ya kiatu kimoja cha mtoto
ambacho Lusekelo anajua asiniulize.

Mujinga alikiona. Akaangalia pembeni,
akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la bampa.
"Usiku mumoja hauiue. Wa pili, hauiue.
Foleni ya Kasumbalesa ulilala ngapi?"
Tatu. Na hapa wa nne.
"Njo vile."

Tuliazima nguvu kwa lori la jirani, dereva wa Ndola,
nyaya nyekundu na nyeusi kutoka kifua hadi kifua.
Injini ikakohoa, ikakumbuka kazi yake,
moshi ukapanda kuungana na moshi wa makaa
ya mama mmoja aliyeanza kukaanga mandazi.

Waya aliukata, akauziba ncha kwa tepu,
balbu akaniwekea kiganjani.
Ilikuwa bado ya moto.
Nilimlipa faranga alizotaja, sikuomba apunguze.

Nikalifunga sanduku.
Nikalifungua tena, upenyo wa kidole tu, kuchungulia.
Kiza, barabara kabisa.
Lusekelo akapiga honi mara mbili.
Bado nilikuwa nimeinama pale.